Viazi vya Salesio Havikuachwa Vilale

Wasikilizaji wapendwa, mmewahi kufukua kiazi kichanga ili mwone kama kimekua, kisha mkakirudisha udongoni?

Salesio Mutembei wa Kibirichia alifanya hivyo. Ndiye tunayemkumbuka leo. Salesio, mkulima wa viazi, ametuacha Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Miaka tisa iliyopita baridi ilichoma shamba lake lote. Alipanda tena, lakini moyo haukutulia. Chai aliiacha nusu kikombe, akaenda kufukua. Akarudi, akaenda tena. Usingizi ulimkimbia. Kifua kilimdunda. Aligombana hata na ng'ombe. Mkewe, Gladwell, alihesabu mistari mitatu ya viazi iliyonyauka kwa sababu ya vidole vya mumewe.

"Baba Kagwiria, hivi viazi unavitembelea kuliko ndugu zako."

"Naangalia tu."

"Basi angalia na macho. Mikono iache nyumbani."

Muuguzi alimpima presha. "Mzee, huu ni msongo wa mawazo. Tembea kidogo, chai ya jioni punguza, lala saa zako. Na kinachokusumbua, kiseme kwa mtu."

"Nikiseme kwa nani? Kwa jembe?"

Gladwell alimrudisha nyumbani. Alimwaga viazi juu ya gunia, akaweka vigoda viwili. Vikubwa huku, vya kupika. Vya ukubwa wa yai huku, vya mbegu. Mikono ya Salesio ikapata kazi. Siku ya tatu, bila kuinua macho, akasema, "Naogopa baridi itarudi." Siku nyingine, "Naogopa kufa kabla sijakujengea jiko."

"Mm," Gladwell alijibu, akamsogezea viazi vingine.

Kufukua kukaisha. Miaka tisa walichambua mbegu pamoja. Miaka tisa Salesio alisema, Gladwell akasikiliza. Na jiko alilijenga, la mabati, lenye dirisha upande wa mlima.

Jumatano hii, siku moja baada ya kifo, Gladwell alishindwa kukaa. Alifagia uwanja mara mbili. Aliosha sufuria safi. Waombolezaji walimpa kiti, akakipangusa, akakiacha. Binti yake Kagwiria, mwalimu kule Embu, alimkuta shambani, udongo hadi viwikoni, akifukua viazi ambavyo havijakomaa.

Kagwiria hakumgombeza. Alileta gunia na vile vigoda viwili.

Pole sana, Mama Kagwiria. Pole Kagwiria, na poleni watu wote wa Kibirichia. Nanyi wasikilizaji wapendwa, yule anayewasikiliza kila siku, mara ya mwisho mlimuuliza lini hali yake?

Kagwiria aliuliza. Walikuwa wamechambua karibu nusu gunia.

"Mama, na wewe una nini?"

Gladwell alikigeuza kiazi mkononi, akakigeuza tena. Hakukiweka huku wala huku.

"Hilo," akasema. "Nilitaka baba yako aniulize hilo. Hata mara moja tu."