Moja Bila ya Mama Primitiva

Baba Paroko, ndugu, jamaa, majirani, na wanachama wa klabu yetu ya mpira, Unión Deportiva Sotillar, mliokuja na skafu shingoni kama alivyoagiza marehemu mwenyewe, kwa niaba ya familia naomba niwasomee maisha ya mama yetu mpendwa, kwa ufupi kadiri ninavyoweza, ingawa yeye hakuwa mtu wa ufupi.

Marehemu Primitiva Lázaro Otal alizaliwa tarehe 14 Novemba 1941 hapa Sotillar, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu Mzee Cándido Lázaro, fundi viatu, na marehemu Bi. Engracia Otal. Alisoma kwa masista kuanzia mwaka 1948 hadi 1954, akatoka akijua kusoma, kushona na kuhesabu pointi za ligi, na hilo la tatu masista hawakumfundisha. Tarehe 3 Septemba 1949 baba yake alimwandikisha uanachama wa klabu, akapewa namba 412, na mbele yake kwenye foleni alikuwa mtoto wa mwokaji mikate, Saturnino Bescós, aliyepewa 411.

Kwetu mwanachama hupanda kuelekea namba moja kadiri waliomtangulia wanavyofariki, kwa hiyo wawili hao walipanda pamoja karibu miaka sabini, hadi mwaka 2016 Mzee Saturnino akawa wa kwanza na marehemu wa pili, wakikaa viti jirani na kula mbegu za alizeti kutoka mfuko mmoja. Kila msimu ukianza mama alimuuliza, "Wewe Satur, unakufa lini nami nipande?" naye alimjibu, "Foleni ni foleni, bibi, ulichelewa mwenyewe."

Alifanya kazi katika kiwanda cha kusindika pilipili hoho tangu mwaka 1957 hadi alipostaafu mwaka 2004. Alifunga ndoa na marehemu Fermín Pueyo tarehe 14 Mei 1966, siku ya Jumamosi, kwa kuwa Jumapili timu ilikuwa na mechi nyumbani, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Blanca na mimi Martín. Baba alitutoka mwaka 1998, na tangu hapo mama alisema amebakiza ombi moja tu kwa Mungu, kuiona Sotillar ikipanda daraja la pili, ambako haijawahi kufika tangu iundwe.

Mungu ana mzaha wake, maana msimu wa 2022/23 timu iliposhinda mechi kumi na moja mfululizo na mji mzima ukaanza kutembea kwa ncha za vidole kwa kuogopa nuksi, ndipo mwezi Machi moyo wa mama ulipoanza kusumbua, na daktari akamkataza uwanja. Redio hakuitaka, akisema watangazaji hushangilia kabla mpira haujavuka mstari, hivyo Mzee Saturnino akaahidi kumsimulia kila mechi kwa simu kutoka kitini pake, na ahadi hiyo hakuivunja.

Tarehe 18 Juni 2023, mechi ya mwisho ya kupanda daraja, tulitangulia kwa bao moja, na dakika ya 61 wageni wakasawazisha. Nilikuwa jikoni na mama, na nyumba yetu iko nyuma ya goli la kaskazini, kwa hiyo sote tuliusikia uwanja ukinyamaza. Mama akauliza kwenye simu, "Satur, mbona kimya?" Mzee Saturnino, akiuhofia moyo ule, akasema, "Kocha anabadilisha mchezaji, bado moja bila." Dakika ya 88 madirisha yakatetemeka kwa kelele, mama akauliza tena kuna nini, akajibiwa, "Hakuna kitu, watu wamefurahi tu, mpira unakaribia kwisha." Mama akasema, "Haya," akanikamata mkono, naye hakuuachia hadi filimbi ya mwisho, tukawa tumepanda daraja.

Baada ya hapo ilibidi mji mzima ushikilie uongo huo, magazeti tukayaficha, mwuza nyama akasema moja bila, Baba Paroko naye, Mungu amsamehe, akasema moja bila. Wachezaji walipokwenda kumpelekea maua Bikira Maria msimamizi wetu, kama ilivyo desturi, basi lao lilisimama chini ya roshani yetu, na nahodha akapaza sauti, "Moja bila, bibi!" Mama alilia kwa furaha, nasi tukalia naye.

Mwezi Januari hali ilibadilika, akalazwa, na tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, akafariki mikononi mwa Blanca.

Juzi tulifungua daftari lake la mechi, na kwenye tarehe ya 18 Juni ameandika kwa mkono wake: "Mbili kwa moja. Niliusikia ukimya wao. Satur asiambiwe, amejitahidi sana."

Mzee Saturnino, utusamehe kwa kukuambia mbele za watu, tulimpenda mama mno hata tukashindwa kumtunzia siri hii. Kesho klabu itampandisha nafasi moja kila aliyekuwa nyuma yake, wewe peke yako utabaki pale pale, na kiti cha jirani tumeomba kisipewe mtu msimu huu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, wachezaji, na mji mzima kwa uongo mliousema kwa nidhamu.

Pumzika kwa amani, mama. Tulishinda mbili kwa moja.