Sisi Tuliofungua Paa la Ukumbi

Mgeni rasmi, Mchungaji Alphonse, mkaguzi wa shule zote za kanisa letu. Papa Prefe, mkuu wa shule. Papa Lambert, mkuu wa nidhamu. Walimu wetu, wazazi mliovuka mto kuja kutusikiliza, na wenzetu wa bweni:

Tunawasalimu kwa jina la Bwana. Sisi, Kundi la Alhamisi, tumeruhusiwa kusoma risala hii kwa sharti kwamba iwe fupi, iwe na heshima, na isimtaje Papa Lambert kupita kiasi. Masharti mawili ya kwanza tutayatimiza.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Lubunga, ng'ambo ambayo watu wa mjini Kisangani huitazama kila siku na kuitembelea wakifiwa. Aya hii tumeiongeza kwa kalamu sasa hivi, wakati ulipokuwa unapewa maji ya kunawa miguu. Tumesikia kwamba mota ya mtumbwi ilizimika katikati ya mto, kwamba maji yalikushusha mbali na gati, na kwamba ulimalizia safari nyuma ya toleka, baiskeli yetu ya abiria, viatu vyako ukiwa umevishika mkononi. Hatukucheka. Waliocheka ni darasa la kwanza, na wameshaonywa.

Kijana aliyekuleta anaitwa Moussa. Tunaomba ulikumbuke jina hilo, kwa sababu yumo ndani ya risala hii tangu kabla hajakubeba.

HISTORIA FUPI YA KUNDI

Kundi letu lilianza mwaka juzi, Mama Marthe alipofika kutoka Basoko kutufundisha dini. Kabla yake tulikuwa Wakristo hodari wa kukariri. Tuliweza kuwataja mitume wote kwa pumzi moja, kisha tukatoka nje kuibiana sabuni.

Siku ya kwanza alitusikiliza tukisimulia habari ya Msamaria mwema bila kukosea hata neno. Tulipomaliza tulingoja sifa. Yeye akauliza, "Bon. Na hapa kwetu Lubunga, ule mutu wa kulala njiani iko nani?"

Tulifungua vitabu kutafuta jibu. Swali hilo halikuwemo kitabuni.

Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni mmoja. Kila Alhamisi tunasoma habari moja ya Injili, Mama Marthe anatuuliza swali moja, na kabla ya Alhamisi nyingine kila mmoja lazima awe amefanya jambo kwa mikono yake. Hapendi insha. Anasema insha zetu ameshazisoma, zote zinaishia na neno "upendo".

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi, na kwa unyenyekevu tutataja yale makubwa tu.

Tulisoma habari ya mikate mitano na samaki wawili. Swali lilikuwa, "Kati yenu, nani iko na kikapo na anakificha?" Kila mwanafunzi wa bweni ana sanduku la bati chini ya kitanda, na kila sanduku lina kufuli. Wiki hiyo tulikubaliana kuyafungua yote kwa pamoja. Katika sanduku la Carlos, aliyekuwa akilia njaa kila jioni mpaka tukamwonea huruma, kulikuwa na karanga, sukari, samaki wa kukaushwa kutoka Yanonge, na kwanga, mkate wa muhogo, iliyoanza kujitafutia maisha yake. Jumapili bweni zima lilishiba, na mabaki yakabaki. Hatusemi kwamba hata kule jangwani mambo yalikwenda hivyo; hayo tunawaachia wachungaji. Tunasema tu kwamba kwetu chakula hakikuongezeka. Kilionekana.

Kisha Yannick alivunjika mguu. Yannick ni mwenzetu kutoka Isangi, mshambuliaji wa timu ya shule. Alianguka kwenye tope mbele ya goli, na sisi, wanafunzi wa Injili, tulisimama tukimzunguka na kubishana kama ilikuwa penalti. Moussa alikuwa anapita na toleka yake. Moussa ni Mwislamu, na Injili yetu hajaisoma. Aliitupa baiskeli chini, akamnyanyua Yannick, akamkalisha nyuma, akamsukuma taratibu mpaka hospitali, huku akituambia, "Nyinyi bakieni na penalti yenu." Alhamisi iliyofuata Mama Marthe hakuuliza swali lolote. Alitutazama tu.

Na sasa, mgeni rasmi, tunafika kwenye paa.

Shule yetu ina sheria ambayo ni ya zamani kuliko mabati yake: kengele ya masomo ya alasiri ikilia, mlango wa ukumbi unafungwa kwa komeo, na aliye nje anabaki nje. Yannick aliporudi kutoka hospitali alikuwa na plasta mpaka gotini na magongo mawili. Kutoka bwenini hadi ukumbini kuna mteremko, na ule mteremko, mvua ikinyesha, hata mbuzi wa Papa Prefe huupita akiwa ameketi. Kila alasiri Yannick alikuta mlango umefungwa. Alikaa chini ya dirisha na kusikiliza hesabu kwa sikio, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia.

Tulimwendea Papa Lambert kwa heshima. Tulimwomba amfungulie, au angoje kidogo kabla ya kufunga. Alituambia, "Batoto, kengele haiangalie mutu miguu. Leo nafungulia Yannick, kesho mutavunjika wote." Tunakiri kwamba alitufahamu vizuri.

Alhamisi hiyo, bila mtu kupanga, zamu ilikuwa ya yule mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na rafiki zake wanne, wakakosa njia kwa sababu ya umati, wakapanda juu na kufungua paa. Swali la Mama Marthe lilikuwa hili: "Hapa kwetu, nani iko inje ya mulango?"

Mgeni rasmi, yeye aliuliza swali tu. Paa hakulitaja. Tunaomba hilo lieleweke, kwa sababu ndilo jambo lililokuleta.

Kila shule ina vichwa vigumu, lakini si kila shule ina Eddy. Eddy ni Mwagenia. Babu yake, baba yake na tonton zake, yaani wajomba na baba wadogo, wote wanasimika miti katikati ya maporomoko na kuifunga kwa kamba za msituni, ili mitego ya samaki ining'inie juu ya maji yanayoweza kumeza nyumba. Fundo la Eddy halifunguki mpaka Eddy apende. Alizikagua kamba, akalikagua godoro, akamkagua na Yannick, akasema uzito unafaa. Yannick aliulizwa kama anaogopa. Alijibu kwamba anaogopa zaidi hesabu.

Kengele ikalia, komeo likafungwa, na sisi, tukiwa tumeshampandisha Yannick paani kwa kamba, tukang'oa mabati mawili. Ukumbi mzima uliinua macho. Yannick alishuka kwenye godoro polepole, amelala chali, magongo kifuani, kama askofu anayezikwa. Hakuyumba hata kidogo. Kosa letu lilikuwa moja: tulipima katikati ya paa, na hatukupima kilichokuwa chini yake. Kilichokuwa chini yake ni meza ya Papa Lambert.

Yannick, akiwa bado amelala juu ya meza, alisema, "Bonjour Papa. Sijachelewa tena?"

Kisha mvua ikanyesha. Sisi tuliokuwa juu tulikuwa tumekwisha kukimbia, na mabati yalikuwa chini, kwenye majani. Ramani ya Afrika ililowa, daftari zililowa, na Papa Lambert alilowa.

Mama Marthe alitukusanya kesho yake. Hakupaza sauti. Alisema, "Injili haisemi nani alirudisha lile paa. Mimi nawaza ni bale barafiki bane. Sasa munangoja nini?"

Tulipanda tena. Tulirudisha mabati mawili, na tulipokuwa huko juu tukaliona lile tundu la zamani linalovuja juu ya benchi za wasichana tangu dada zetu wakubwa waliposoma hapa. Nalo tukaliziba. Ngazi ilikuwa ikicheza. Tulipotazama chini kuona nani ameishika, alikuwa Papa Lambert, amevua koti. Aliishika mpaka tulipomaliza. Kisha alisema, "Kesho, ile komeo nitaiondosha."

Na aliiondoa. Tangu siku hiyo kengele inalia na mlango unabaki wazi. Anayechelewa anaingia, anaketi benchi la mbele, na akitoka anafagia. Wachelewaji wamepungua, kwa sababu benchi la mbele liko karibu sana na Papa Lambert. Yannick alifanya mtihani wake, akafaulu, na hesabu ndilo somo alilopata vizuri kuliko yote. Yuko hapa leo, amesimama kwa miguu yake miwili. Yannick, inua gongo lako wakuone. Amekuja nalo kwa ajili ya sherehe.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja.

Taarifa ya Papa Lambert, kwamba Mama Marthe ndiye aliyetutuma paani, ilivuka mto kabla ya moyo wake kuvuka. Anasema hivyo mwenyewe, na ametuomba tuandike hivyo. Kwa sababu ya taarifa hiyo masomo yetu ya Alhamisi yamesimamishwa, na Mama Marthe amekatazwa kukanyaga ukumbi huu mpaka wewe utoe uamuzi. Ukiamua vibaya, boti ya Basoko inaondoka wiki hii, na sanduku lake ameshalifunga kamba.

Ndiyo maana humwoni kati ya walimu. Ameketi barazani, upande wa pili wa ukuta huu, chini ya dirisha lile lile alipokuwa akikaa Yannick. Anasikia kila neno. Pale ambapo Kifaransa au Kiswahili chetu kimekosea, ameshakunja uso.

MAOMBI

Mgeni rasmi, leo umefika hapa kengele ikiwa imelia zamani. Kwa sheria ile ya zamani ungekuwa umekaa dirishani naye, viatu mkononi. Umeingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu mama mmoja aliuliza nani yuko nje.

Hatuombi basi la shule. Hatuombi mipira. Tunauliza lile swali lake: hapa kwetu, sasa hivi, nani yuko nje ya mlango?

Mlango huo uko nyuma yako, hatua chache, na hauna komeo tena. Tunaomba uende umwite wewe mwenyewe, ili Alhamisi irudi. Tunasema haya kwa utii mkubwa. Mabati tumeyapigilia misumari vizuri sana na hatungependa kuyang'oa tena, lakini kamba tunazo, na Eddy amezikagua asubuhi hii.

Mungu aliyemtazama yule mgonjwa akishuka, asiulize habari za paa, akubariki, akurudishe ng'ambo kwa mota inayowaka.

Ni sisi watoto wako,
Kundi la Alhamisi, Lubunga, Kisangani.