Leo Fundi Pazia Hapandi Ngazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukung'uta, kufua na kutundika mapazia ya hospitali hii, mwenzetu Fundi Pazia anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini. Nimeombwa mimi, bibi wa chumba cha kufulia, nitoe maneno machache matamu ya kumuaga. Matamu yapo, yatakuja. Kwanza nina hasira, na hasira mimi silali nayo.

Aliingia hapa kijana mwembamba, mfagiaji wa korido. Mapazia alipewa kwa sababu hakuna aliyeyataka. Yalikuwa mazito kwa vumbi, ukiyagusa unapiga chafya mpaka jioni. Akayashusha yote, akayakung'uta uwanjani kabla hayajaona maji, maana vumbi likilowa ni tope, na tope likishaingia kwenye mikunjo halitoki. Wodi nzima ikabaki uchi siku ile. Muuguzi mkuu wa wakati huo alimfokea hadi sauti ikamkauka. Mapazia yaliporudi, mama huyohuyo akauliza yamenunuliwa lini.

Ana taratibu zake, na usizichezee. Pazia lenye damu haligusi maji ya moto. Pazia lililofuliwa hulitundika likiwa na unyevunyevu, uzito wake wenyewe ulinyooshe, pasi ipumzike. Na kila pazia lina uzi wa rangi yake kwenye pindo, rangi ileile aliyoifunga kwenye ufito wa dirisha lake. Jua halipigi madirisha sawasawa. Ukiyachanganya, moja limepauka na jirani yake limekolea, ukuta mzima unakuwa kama mdomo wenye meno ya bandia.

Zile blaindi za vipande vyembamba vya bati kwenye wodi ya watoto alizifuta na soksi kuukuu aliyoivaa mkononi. Anazifunga, anafuta upande mmoja, anazigeuza, anafuta wa pili. Watoto walishaamua kwamba ile soksi ni mtu, wakawa wanaiamkia shikamoo. Naye, mzee mzima, akawa anawaitikia marahaba kwa sauti nyembamba.

Mpole, lakini si kwa kila mtu. Kuna bwana mmoja alikuja kumwona shemeji yake, akala, akajifuta mafuta ya mikono kwenye pazia la kitanda. Fundi Pazia akaleta beseni, maji na sabuni, akasimama mbele yake kama askari hadi bwana yule akamaliza kulifua lile pindo mbele ya shemeji, wagonjwa na wauguzi.

Lakini kama ningeambiwa nitaje jambo moja tu, ningetaja la yule mama aliyepoteza mtoto. Mapazia ya kitanda chake yalikuwa yametoka kufuliwa na kulabu hazijarudishwa, hayafungiki. Watu wanapita, wanachungulia. Fundi Pazia alizikutanisha ncha mbili za pazia kwa mikono yake, akampa yule mama mgongo, akasimama hivyo mpaka mama alipomaliza kulia. Baadaye akaulizwa na ofisi kwa nini madirisha ya korido hayajaguswa siku hiyo. Akaomba radhi. Mimi nisingeomba.

Sasa hasira yangu. Wiki iliyopita likabandikwa tangazo: sherehe ya kumuaga Fundi Pazia itafanyika ukumbini, kitengo cha mapazia kiandae ukumbi. Jamani! Kitengo cha mapazia ni nani? Ni yeye na ngazi yake. Nikaingia ukumbini nikamkuta juu ya ngazi, mkono mmoja gotini, wa pili unashusha mapazia ya sherehe yake mwenyewe. Miaka yote hiyo mtu anawatundikia pazia, nanyi hamkuwahi kujiuliza nani yuko nyuma yake.

Nikamwambia, "Shuka, mdogo wangu. Wewe ndiye mgeni wa siku hiyo."

Akaniuliza, "Nani atayafua, dada? Watayachanganya."

"Wayachanganye. Shuka kabla sijapanda mimi."

Alishuka, kwa kuwa ananijua ningepanda kweli. Nikatoka na korido ile sikubakiza mtu. Mpishi, dereva, mlinzi wa getini, wauguzi waliokuwa wanatoka zamu, wote nikawashikisha beseni. Mkuu wa utawala, aliyeandika lile tangazo, nilimtoa ofisini na tai yake shingoni. Sikumwonea. Alikunja mikono ya shati bila kubisha, akalipiga pazia sabuni kama analiomba msamaha, na kusema kweli alikuwa wa mwisho kuondoka. Fundi Pazia siku hiyo nilimfungia chumbani kwangu na chai yake, na ufunguo nikautia kwenye sidiria.

Mkewe amenieleza jambo, nami nalisema mbele yenu hata kama litamwudhi. Nyumbani kwao dirisha la chumbani limezibwa na shuka kuukuu tangu watoto wao wakiwa wadogo. Kila mwaka anasema atashona pazia, kila mwaka anarudi amechoka na ya kwetu. Tuone haya, sote, na mimi nikiwemo.

Kwa hiyo asante, mdogo wangu. Asante kwa kila mgonjwa uliyemsitiri naye hakukujua jina. Tunakutakia asubuhi ndefu za kulala, magoti yasiyouma, na pazia zuri la dirisha lako mwenyewe, utakalolitundika siku utakayotaka wewe.

Nanyi mnaonisikiliza mmeketi humu ukumbini, tazameni madirisha. La tatu kutoka mlangoni limetundikwa kinyume, bitana ndiyo inatutazama, na uzi wa pindoni ni wa kijani wakati wa kwenye ufito ni mwekundu. Ni kazi ya mkuu wa utawala. Fundi Pazia ameliona tangu alipoingia, naijua shingo yake. Ngazi nimeificha.

Kaa, mdogo wangu. Leo likae hivyohivyo, na wewe kaa.