Abiria Aliyekataa Kushuka Njiapanda

Mpendwa wetu tunayemlaza leo, ambaye sokoni aliitwa Fundi Mizani, na nyumbani aliitwa Baba, Mjomba au Babu kutegemea anamgombeza nani, alizaliwa Jumamosi alfajiri, tarehe 14 Juni 1952, katika nyumba ya matofali ambayo baba yake, mwashi, alikuwa hajamaliza kuiezeka. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, na ambaye ukoo mzima humwita Dada Mkubwa ingawa hakuna dada mdogo. Mama yao, hadi anaingia kaburini, alisimulia kwamba Dada Mkubwa alipofunuliwa khanga aone mdogo wake, alimtazama kwa makini kisha akasema, "Mrudisheni. Huyu analia." Hakurudishwa. Siku tatu baadaye alikuwa hashikwi na mtu mwingine ila dada yake, na mama alipomtaka kumnyonyesha ilibidi aombe.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, au tuseme alifikishwa mlangoni. Alikataa kuingia darasani kama dada yake haingii naye. Mwalimu alikuwa mtu mwenye fimbo lakini pia mwenye uchovu, akaona heri nusu shari. Wiki nzima Dada Mkubwa, mwanafunzi wa darasa la juu, aliketi kwenye kibenchi cha wanaoanza, magoti yakimfika kidevuni, akiimba a-e-i-o-u pamoja na watoto wa kamasi. Jumatatu iliyofuata alimwambia mdogo wake, "Sasa nakwenda kwangu. Ukilia nasikia." Marehemu hakulia. Alisoma hadi kidato cha nne na kufaulu kwa kiasi ambacho familia imekubaliana kukiita cha kuridhisha.

Mwaka 1971 aliajiriwa kama mwanafunzi wa ufundi katika karakana ya mizani, mji wa juu, na hapo ndipo alipodumu miaka arobaini na moja. Mizani ya duka, mizani ya ghala la pamba, mizani ya kliniki inayoning'iniza watoto wakipiga mateke. Zote zilipita mikononi mwake. Alikuwa na sanduku la mawe ya kupimia ya shaba yaliyolala kwenye kitambaa chekundu, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa kwa kidole kitupu, kwa sababu, alisema, jasho nalo lina uzito. Mtu huyu aliyeweza kupima jasho hakuwahi kupima kinyongo chake mwenyewe. Tunalisema hili kwa upendo. Angekuwepo angetuambia tukae chini.

Kazi ilikuwa mji wa juu, nyumba ilikuwa mji wa chini, na katikati yake kulikuwa na basi. Liliondoka kituoni saa moja asubuhi, na baada ya mwendo wa karibu saa moja lilisimama Njiapanda ili injini ipoe kabla ya kupanda mlima. Abiria walishuka, wakajinyoosha, wakanywa chai. Hoteli ya chai ilikuwa moja tu, yenye mabati ya kijani na benchi refu barazani. Mwenye hoteli hiyo, tangu alipoolewa Njiapanda, ni Dada Mkubwa. Kwa miaka mingi marehemu alikuwa wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda, na dereva alipiga honi hadi akaona haya kwa niaba yake.

Ni katika basi hilohilo alimopata mke. Mkewe, mpokea simu wa posta, alisinzia begani mwake siku moja mwaka 1977, naye kwa kuogopa kumwamsha akapitiliza kituo cha karakana na kufika mwisho wa njia. Mwanamke alipofumbua macho aliuliza, "Wewe, kazini kwako ni huku?" Akajibu, "Kuanzia leo." Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1978 na Mungu akawajalia binti mmoja na mwana mmoja. Shahidi wa ndoa alikuwa Dada Mkubwa, aliyelia kuliko mama wa bibi harusi, mpaka watu wakaulizana ni nani hasa anayeozwa.

Sasa tufike pale ambapo kijitabu cha mazishi chenye adabu kingeruka ukurasa. Mwezi wa Oktoba 1984 baba yao alifariki katika hospitali ya mji wa juu. Familia ikakodi basi kumleta nyumbani. Jeneza likawekwa kati, watu wakapanda, kikabaki kiti cha mbele kando ya dereva, ambacho kwetu hukaliwa na mkubwa wa msiba. Dada akasema ni chake, yeye ndiye mzaliwa wa kwanza. Kaka akasema ni chake, yeye ndiye mwanamume. Baba wa watu amelala hapo, hana haraka tena, anawasikiliza. Ndipo marehemu akatamka neno ambalo halikuwa na njia ya kurudi mdomoni: "Wewe umeshaolewa. Hapa ni mgeni."

Dada Mkubwa akasema, "Sawa. Basi mgeni hatakukaribisha tena. Na atakayemfuata mwenzake, huyo ndiye aliyekosa."

Kiti alikikalia baba mdogo, kwa sababu ya magoti mabovu, akalala usingizi njia nzima.

Tangu siku hiyo basi liliposimama Njiapanda, abiria wote walishuka isipokuwa mmoja. Alibaki kwenye kiti cha dirishani, upande wa kushoto, unaotazamana na baraza ya hoteli. Upande wa kulia ulikuwa na viti, tena vya kivulini. Hakuvitaka. Alimpa kondakta kikombe chake cha bati kupitia dirishani na kumwambia kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Niletee chai. Lakini isiwe ya pale."

"Hapana, mzee, nakuchukulia ya kule nyuma."

Kule nyuma kulikuwa na gereji na choo cha abiria.

Kondakta huyo, ambaye njia nzima ilimwita Redio, ametuhadithia yaliyoendelea ndani. Dada Mkubwa alikipokea kikombe, akakigeuza, akauliza, "Chai ya nani?"

"Ya dereva, mama."

"Dereva si huyu ameketi hapa ananimalizia mkate?"

"Ya dereva mwingine."

"Mwambie dereva mwingine nimempunguzia sukari. Baba yetu aliondoka na kisukari."

Redio alirudi na kikombe. Marehemu alionja, akakunja uso. "Hii chai ya kule nyuma siku hizi haina sukari."

"Mwenyewe anasema ni kwa ajili ya afya."

"Afya yangu yeye inamhusu nini?" Na akainywa hadi majani ya chini.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Redio alisema uongo wa pande mbili kila siku ya kazi mpaka ukamzeesha. Mke wa marehemu, akisafiri naye, alishuka peke yake akisema, "Mimi sikugombana na mtu. Mimi nina kiu." Alikaa barazani na wifi yake wakicheka makusudi, ili sauti ifike dirishani. Ilifika. Haikumshusha.

Mwaka 2004, wakati wa masika, basi liliharibika giaboksi palepale Njiapanda. Abiria wakajazana hotelini. Marehemu akabaki ndani ya basi, na paa la basi hilo lilivuja kama chujio. Dada Mkubwa akatoka na mwavuli, akavuka matope, akasimama chini ya dirisha. Wote waliokuwa barazani waliacha kutafuna.

"We mtoto, shuka. Utapata homa."

Mtoto alikuwa na miaka hamsini na moja na alikuwa amelowa hadi soksi. "Nitashuka ukisema kile kiti kilikuwa changu."

"Nitasema ukifuta lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Alilijua. Alikuwa amelijua karibu miaka ishirini. Alifungua kinywa, na walioshuhudia wanaapa kwamba lilikuwa linakuja, kabisa lilikuwa linakuja, ndipo mpumbavu mmoja barazani akapiga makofi. Marehemu akafunga kinywa, akafunga na dirisha. Dada aliuacha mwavuli umeegemea tairi akarudi ndani akilowa. Mwavuli haukuchukuliwa na yeyote.

Mkewe alifariki tarehe 19 Agosti 2011. Dada Mkubwa alikuja msibani, akapika, akaosha masufuria, akaondoka na basi la jioni. Marehemu alimshukuru kupitia watu. Mwaka uliofuata alistaafu, na karakana nayo ikafungwa nyuma yake. Lakini Jumanne na Ijumaa aliendelea kupanda basi la asubuhi, akisema anakwenda kukagua mizani ya soko. Hakuna soko lililomwita. Alifika kituo cha mji wa juu, akakaa kwenye kiti cha zege, akageuka na basi la kurudi. Alikuwa anakwenda kunywa chai ya kule nyuma.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Daktari alimwambia moyo wake umepanuka. Akajibu, "Afadhali. Nyumbani wanasema ni mdogo." Akakatazwa safari. Binti yake, aliyehamia kumuuguza, akaficha viatu vyake.

Jumapili ya tarehe 12 Machi alivipata. Akanyoa ndevu, akavaa koti la harusi ya mwanawe, akatoka binti akiwa bafuni, simu akaiacha kitandani. Alipanda basi la saa moja. Njiapanda aliinuka mwenyewe, akashika vyuma, akashuka. Redio, ambaye alikuwa bado hajastaafu, anasema dereva alizima injini kwa heshima. Na mlango wa hoteli ulikuwa na kufuli.

Aliketi kwenye benchi la barazani, kofia mapajani, kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule. Hatimaye fundi baiskeli wa jirani akamwambia, "Mzee, dada yako hayupo. Amepanda basi la kushuka asubuhi hii. Amesema anakwenda kwako, amesikia unaumwa."

"Kwangu?"

"Kwako."

"Alisema hivyo? Kwa kinywa chake?"

Fundi baiskeli alilazimishwa kulirudia kama kiapo. Mabasi mawili, moja likipanda na moja likishuka, yalikuwa yamepishana darajani, madereva wakapigiana honi kama kawaida yao, na ndani yake watu wawili wakitazama mbele.

Alirudi na basi la kwanza alilopata. Lakini Dada Mkubwa, baada ya kumngoja sebuleni mpaka akaamini mdogo wake ametoroka ili asionane naye, alikuwa ameshaondoka, wakapishana tena. Binti alimpokea baba yake mlangoni kwa ukali na machozi. "Baba! Shangazi ametoka sasa hivi. Namba yake ninayo hii hapa, mpigie."

Marehemu alikuwa anang'aa. Binti anasema hakuwahi kumwona hivyo tangu mama yake alipokuwa hai. "Nimpigie kwa nini? Amenifuata mwenyewe. Aliyekuja mara moja atakuja tena."

Jioni hiyo Njiapanda, fundi baiskeli alimwambia Dada Mkubwa ni nani aliyeketi barazani kwake. Naye akacheka, akajifuta macho, akawaambia wanawe, "Mmeona? Amenifuata mwenyewe. Aliyekuja mara moja atakuja tena."

Kila mmoja alikuwa ameshinda. Kila mmoja, kwa ukarimu wa mshindi, akaanza kujiandaa kumpokea aliyeshindwa. Marehemu alinunua kiti cha sebuleni chenye mto laini, kwa ajili ya mgongo wa dada yake. Dada alipaka rangi chumba cha wageni. Watoto wa pande zote mbili walipigiana simu, wakabembeleza, wakagomba. Binti alisema, "Baba, wote mmekwenda, wote mmekosa, yamekwisha!" Akajibiwa kwamba haelewi mambo ya watu wazima. Tulipaswa kuwabeba kwa nguvu na kuwafungia chumba kimoja. Hatukufanya hivyo, kwa sababu tulilelewa kuwaheshimu wakubwa.

Tarehe 4 Mei, Alhamisi asubuhi, marehemu aliomba kusogezwa dirishani, akaomba na viatu. Binti alikwenda kuchemsha maji ya kuoga. Aliporudi, baba alikuwa ametulia, uso umeelekea barabarani, na pumzi haikuwepo.

Dada Mkubwa alifika mchana huo. Aliingia alipolazwa mdogo wake, akafunga mlango, na tulimsikia akizungumza kwa muda mrefu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga safari. Alipotoka aliwaita walioshika kalamu ya wasifu huu.

"Andikeni kwamba mimi ndiye niliyetangulia kwenda. Mimi ndiye niliyekosa."

Binti akasema kwa upole, "Shangazi, tumemuuliza Redio. Mabasi yote mawili yaliondoka saa moja kamili, lako Njiapanda, la baba hapa. Hakuna aliyetangulia."

"Nimekuuliza saa, mwanangu? Andika."

Marehemu ameacha binti mmoja, mwana mmoja na mkamwana, wajukuu wanne, wapwa watatu, kondakta mstaafu mmoja asiye na wa kumdanganya, na dada yake mpenzi, ambaye kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, anakiri kwamba yeye ndiye aliyemfuata kwanza.

Ameshinda, basi. Na apumzike kwa amani, kama ushindi huu utampa nafasi.