Mzee, Uzi, na Jibu Nililomficha Daktari

Ndugu zangu, baba na mama, nawasalimu nyote. Mchungaji amenipa dakika kumi. Lakini mnanijua, mimi ni fundi cherehani, na fundi akikuambia Jumamosi hesabu Jumatano. Kwa hiyo nivumilieni.

Nimekuja kushuhudia juu ya mbwa. Naona wengine wameanza kutabasamu. Tabasamuni tu, hata mimi ningetabasamu. Kule Uvira nilikozaliwa, mbwa alilala nje, alikula kilichobaki, na akifa hakuna aliyeuliza amekufa na nini. Kama mtu angeniambia kwamba nitakuja kusimama mbele ya kanisa Johannesburg na kusema jina la mbwa kwa sauti inayotetemeka, ningempima homa.

Nianze mwanzo. Mteja wangu mmoja, mama wa kizungu wa upande wa kaskazini, hujitolea pamoja na wenzake kuokoa mbwa wembamba wa mbio, wale wanaoitwa greyhound. Watu huwatumia kuwinda kwa kamari, na mbwa akichoka au akivunjika mguu, humwacha porini. Siku moja mama huyo aliniletea kitambaa cha blanketi akaomba nimshonee makoti ya mbwa. Nilidhani ananitania. Akanieleza kwa upole, nami nawaeleza ninyi: mbwa hawa wana manyoya mafupi na hawana mafuta mwilini, na baridi ya huku mnaijua. Mwezi wa sita bila koti wanatetemeka kama mtu mwenye malaria.

Nilikwenda kuchukua vipimo. Kulikuwa na dume mmoja, uso umeshaingia mvi. Nilipopiga magoti na futi yangu ya kupimia, alikuja akaniegemea. Hakunilamba wala hakurukaruka. Aliegemeza uzito wake wote begani kwangu, kama mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri akapata ukuta. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nikarudi mtaani kwetu Bertrams na mbwa wawili kwenye gari la mteja: huyo mwenye mvi, ambaye nilimwita Mzee, na jike mmoja mwembamba zaidi, nikamwita Uzi.

Mke wangu, yuko pale amekaa, alisimama mlangoni akawaangalia.

"Baba watoto, nilikutuma nyama. Umeleta mifupa miwili yenye mikia."

Jirani yetu wa pili, Mzulu, alikuja kuuliza kwa huruma, "Eish, baba, hawa hamuwalishi?" Na hapa kanisani mnakumbuka wenyewe mlivyonipokea. "Fundi, hao ni mbwa au swala?" Sitaji mtu. Anajijua, na amevaa suti niliyomshonea.

Walitufaa nyumbani. Hawabweki. Wanalala saa nyingi kuliko mtoto mchanga. Mzee alilala chini ya meza ya cherehani, kichwa kwenye kiatu changu, nami nikajifunza kukanyaga pedali kwa mguu mmoja.

Sasa nafika mahali pagumu.

Mzee alianza kuchechemea. Ulikuwa mguu uliowahi kuumia zamani akiwindishwa. Mimi nina dawa zangu za mgongo, wengi wenu mnazo, zile za maumivu za dukani. Nikafikiri: maumivu ni maumivu. Nikamfichia vidonge viwili ndani ya nyama, asubuhi na jioni, siku tatu. Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo sikulijua: dawa hizo ambazo kwetu zinatuliza, tumbo la mbwa zinalichubua na figo zake zinazichosha haraka. Sikulijua, na kutojua si dhambi. Dhambi yangu inakuja.

Siku ya nne nilimpeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari, mwanamke kijana mwenye subira, alimpapasa mguu, akachukua kalamu, akaniuliza, "Umempa dawa yoyote ya maumivu?"

Nikajibu, "Hapana."

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi, na nadhani wengi humu ndani mnalijua jibu. Sisi tumepanga foleni za karatasi miaka na miaka. Tumeulizwa maswali na watu wenye kalamu tangu tulipovuka mpaka. Tukajifunza kwamba kila neno la ziada linaweza kuandikwa na kurudi kukuuma. Nyumbani kwangu ilikuwa sheria, nami niliwafundisha watoto: jibu fupi ni jibu salama. Ukiulizwa, hapana. Ukiulizwa tena, sijui. Mimi sikumwona daktari pale. Niliona kalamu.

Kwa sababu nilisema hapana, daktari alimpiga sindano ya maumivu. Dawa nzuri, ya mbwa. Lakini ilikuwa ya kundi lilelile la vidonge vyangu, na ikakuta tumbo limeshachubuka. Kesho yake Mzee alitapika damu. Nikamrudisha mbio. Daktari akaniuliza tena, safari hii akinitazama machoni, "Baba, una hakika hakuna kitu alichokula? Ukiniambia, kuna ninachoweza kufanya."

Nikasema, "Sijui."

Alikufa siku ya pili, kichwa chake mkononi mwangu, mchana, jua linaingia dirishani.

Nilipokuja hapa Jumapili nikiwa nimevimba macho, ndugu mmoja aliniuliza, "Umefiwa, fundi? Tukukalie matanga? Tuchange?" Watu wakacheka. Nami nilicheka nao, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Msiangaliane. Hamkukosea ninyi, hamkujua. Mlidhani nalia kwa sababu mbwa amekufa. Nilikuwa nalia kwa sababu nilijua aliyemuua.

Baada ya hapo nilianguka. Kuanguka kwangu hakukuwa kwa pombe. Niliacha kuja ibadani. Niliacha kushona, nguo za harusi ya watu zikalala kwenye mfuko, na wenye harusi wakaenda kwa fundi mwingine. Mke wangu alidhani nimegombana naye. Uzi alikuja kulala chini ya meza, mahali pa mwenzake, nami nikahamisha miguu. Sikuweza kumtazama. Nilimpigia simu yule mteja wangu, nikamwambia aje amchukue. Akaniuliza sababu, nikasema nyumba ni ndogo. Akanijibu kwamba Uzi amempoteza mwenzake na hali chakula vizuri, akihamishwa tena sasa atazidi kudhoofika. "Nipe mwezi mmoja," akasema.

Ndani ya mwezi huo ndipo mambo yalipogeuka.

Mnajua panya wa Bertrams. Nilinunua sumu kwa mtu anayetembeza pale kwenye robot, taa za barabarani, kipakiti kisicho na maandishi, punje za buluu. Nilisikia kwamba kuuza vitu kama hivyo ni kinyume cha sheria, sikujua kama na kununua pia. Nikaiweka nyuma ya friji. Siku ya Jumatatu binti yangu alikuta kipakiti kimetafunwa na Uzi analamba sakafu. Akaniita. Uzi alikuwa mzima, anatikisa mkia. Nikafagia, nikamwambia binti, "Mama yako asijue. Mtu yeyote asijue."

Sumu ya aina ile, nimekuja kuelewa baadaye, haiui siku hiyo. Inanyang'anya damu uwezo wa kuganda, polepole, na mbwa anaonekana mzima kwa siku kadhaa.

Alhamisi binti alimtembeza, Uzi akajikwaruza kwenye waya wa uzio. Ngozi ya mbwa hawa ni nyembamba kama bitana ya hariri, inachanika kwa kitu kidogo. Jeraha lilikuwa dogo, si urefu wa kidole. Nilikandamiza kwa kitambaa safi. Kikalowa. Cha pili kikalowa. Nilitumia mita nzima ya pamba, na damu inaendelea kutoka bila haraka, kama bomba lisilofungwa vizuri.

Tukafika kwa daktari yuleyule. Binti yangu ana miaka kumi na sita, amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo daktari akamgeukia yeye.

"Kidonda kama hiki hakitoi damu hivi," daktari akasema. "Nyumbani kuna sumu ya panya?"

Binti yangu akasema, "Hapana."

"Una hakika?"

"Sijui," akasema.

Alisema vizuri sana. Uso umetulia, macho hayakupepesa. Hapana, kisha sijui, kwa mpangilio uleule. Ndugu zangu, mtoto wangu nimemfundisha mambo mengi hajayashika. Kutia uzi kwenye sindano hajui. Lile alilishika.

Nikaangalia mkono wake. Alikuwa ameshika sikio la Uzi kwa vidole viwili, analisugua bila kuacha. Nikaona kwamba ananilinda mimi, na kwamba atakaa na jambo hili maisha yake yote kama mimi nilivyokaa na langu.

Nikasema, "Daktari, mtoto amesema hivyo kwa sababu nilimwambia. Sumu ipo. Niliinunua barabarani, haina jina. Ni punje za buluu. Amekula Jumatatu."

Nilingoja aite polisi. Hakuita mtu. Aliuliza, "Punje ngapi, unakadiria?" Nikamwambia nusu ya kipakiti. Akauliza uzito wake wa mwisho, akauliza kama ametapika, kama kinyesi ni cheusi, nami nikajibu kila kitu, hata nisichoulizwa. Akasema, "Asante. Sasa najua napigana na nini," akaondoka na Uzi mikononi.

Walimpa ile vitamini inayosaidia damu kuganda. Walimpa na damu, maana nyingi ilikuwa imepotea. Yule mteja wangu alikuja na mbwa wake mwenyewe, wa aina hiyohiyo, mbwa huyo akalazwa mezani akatoa damu huku akisinzia kana kwamba anakatwa kucha. Tuliambiwa tusubiri. Mke wangu alikuja na aproni ya saluni bado kiunoni, na pale kwenye viti nikamweleza yote, ya Uzi na ya Mzee. Aliivua aproni akaikunja. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakupikia bure, unakula na hili rohoni." Akanishika mkono. Wanaomjua wanajua hiyo ni hukumu na msamaha kwa pamoja.

Kabla jua halijatua daktari alitoka akatuambia damu imeanza kuganda.

Nilimwomba tuzungumze. Nikamwambia kuhusu vidonge vya mgongo na yule Mzee. Aliweka kalamu chini. Sikutaka anifariji, naye hakunifariji kwa uongo. Alisema, "Ningejua, nisingempiga ile sindano. Ningempa dawa ya kulinda tumbo, ningemwekea maji ya mshipani. Siwezi kukuambia angepona. Ningemjaribia." Halafu akasema, "Na mimi nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi na mbwa yule."

Sikuwahi kufikiri hivyo. Nilidhani uongo wangu ni mzigo wangu peke yangu, kumbe kulikuwa na mtu mwingine anaubeba bila kujua ni wa nani.

Uzi alimeza vidonge wiki nyingi, nami sikuruka hata kimoja. Kovu lake liko pajani, mshono mzuri, siwezi kujisifu kwamba ningefanya bora. Mimi nimerudi kwenye cherehani. Nimerudi kwenu. Na nyumbani sheria ile nimeifuta mbele ya watoto wote.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru daktari yule na wasaidizi wake, waliouliza mara mbili. Namshukuru mteja wangu, aliyeninyima nilichoomba akanipa nilichohitaji. Mke wangu, asante. Binti yangu, nisamehe kwa kukubebesha.

Na kwenu neno langu ni hili. Tahadhari yetu na watu wenye kalamu haikutoka hewani, ilitufikisha hapa tukiwa hai, siidharau. Lakini jifunzeni kutofautisha. Kuna anayeuliza ili akupate na kosa, na kuna anayeuliza ili apate njia ya kuokoa. Mkimpeleka mtoto kliniki kesho, mkiulizwa mmempa nini, semeni majani mliyochemsha, semeni vidonge vya jirani, semeni yote. Kama unaona aibu, njoo kwangu tufanye mazoezi, mimi nimeshazoea kuaibika.

Wiki iliyopita niliwaomba wale waokoaji mbwa mwingine, mzee, mguu mmoja mbovu. Wana fomu ya kujaza. Kuna swali: umewahi kupoteza mbwa, na alikufa kwa sababu gani? Wameacha mstari mmoja. Niliandika mpaka ukaisha, nikaandika pembeni, nikageuza karatasi nikaandika nyuma. Nikaipeleka, nikakaa siku tatu nikijua watakataa.

Yuko nje sasa, getini, na binti yangu. Koti lake ni la kijani, bado sijalikunja pindo. Mkitoka mnaweza kumsalimia, atawaegemea. Ila mifupa ya kuku msimpe. Na ukimpa, niambie.