Chungu cha Midomo Miwili

Bwana asifiwe, nyinyi mlioketi na nyinyi mliosimama mlangoni! Mimi sikusoma sana, nitasema vile mambo yalikuwa. Na nyinyi mama wakwe mnaonong'ona huko nyuma, nyamazeni, maneno haya ni yenu.

Ndugu zangu, mnanijua. Huku Adungosi nimezalisha wanawake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilikuwa na kiburi! Jumapili niliomba Mungu, Jumatatu nilikuwa mungu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka ule kabla ya mvua ya El Niño. Amoit, mke wa mwanangu Wafula, alikuwa na mimba ya miezi minane. Akavimba miguu, kisha mikono, kisha uso. Nikampapasa tumbo, nikatangaza kwa majirani wote: ni mapacha! Nilifundishwa hivyo na mama yangu, kwamba anayevimba hivi amebeba wawili. Nikaenda soko la Busia, nikanunua chungu cha midomo miwili, kile cha kupokelea mapacha, na gunia la wimbi nikaliweka kando kwa sherehe.

Amoit akaniambia, "Mama, kichwa kinauma, naona nyota mchana."

Nikamjibu, "Mapacha ni wazito. Vumilia."

Siku ya soko akapitia kliniki bila kuniambia, akarudi na pamba mkononi. Wamemtoa damu! Nilifoka boma zima likasikia. Niliamini damu ya mjamzito haivuki kizingiti, ikifika mkononi mwa adui, amekwisha. Nikamnyang'anya kadi ya kliniki, nikaificha ndani ya kile chungu, ili asirudi kuchukua majibu.

Siku ya tatu, nesi Nafula akaja kwa baiskeli, jasho linamtiririka.

"Mama, hapa hakuna mapacha. Damu yake imetuambia ini limeumia, na zile chembe za kugandisha damu zimebaki chache sana. Akizalia hapa, damu haitasimama. Ile kadi iko wapi, twende hospitali?"

"Nimezalisha watu wewe hujaota meno!"

"Najua, mama. Mimi ni mmoja wao. Ulinipiga kofi nikalia."

Wafula akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Amoit, ameketi kwenye kigoda na kitambaa mdomoni. Asubuhi alipopiga mswaki, fizi zilitoka damu. Saa hizo jua liko utosini, na kitambaa kilikuwa cha pili. Ndugu zangu, mkunga anajua damu! Damu ya fizi husimama kabla chai haijachemka.

Nikaingia ndani, nikapiga magoti mbele ya chungu. Nikasema, "Bwana, kama ni mimi ninayemuua huyu mtoto wa watu, nizuie." Sikusikia sauti yoyote. Lakini mkono wangu uliingia kwenye chungu, ukatoa kadi. Huo ndio wokovu wangu, nauita hivyo mpaka kesho!

Pikapu ya ndizi iliyokuwa imetoka Malaba ikatubeba. Hospitali ya Busia walimpasua siku ile ile. Walipoomba damu ya kumwongezea, mimi niliyekataza damu isivuke kizingiti nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wakaniambia, "Nyanya, wewe keti, umri umekwenda." Wakachukua ya Wafula.

Akatoka msichana. Mmoja tu! Mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, lakini analia. Siku zikapita, uvimbe ukashuka, na uso wa Amoit ukarudi vile alivyokuja kuolewa.

Majirani wakanitania, "Mama mkunga, pacha wa pili umemsahau Busia?" Nikawaacha wacheke. Ilikuwa haki yao.

Siku hizi mwanamke akija kwangu, namuuliza kwanza kama amepimwa damu. Kama hajapimwa, tumbo lake silishiki, aende kliniki kwanza. Mwaminini Mungu, ndugu zangu! Na akija kwa baiskeli, jasho linamtoka, msimfungie mlango.

Yule msichana ni huyo hapo mbele, wa gauni la manjano, asiyejua kutulia. Anayemvuta sikio ni Amoit. Mngekuja kuwalilia wote wawili siku moja. Lakini gunia la wimbi lilisagwa, tukanywa uji, na chungu changu kikapata wenyewe. Hao ndio mapacha wangu. Asante Yesu!