Wasifu wa Marehemu Vitalis Kinunda, Aliyemwangusha Allan Raundi ya Saba

Marehemu Vitalis Kinunda na shemeji yake Gaudens, anayewasomea wasifu huu, walianza kwa kubishana bei. Ilikuwa Juni 1999, Kariakoo. Gaudens alikuwa na marobota ya mitumba ya kufikisha dukani, na kijana mmoja mwenye mabega kama mlango akataka mia tano. Gaudens akasema mia tatu, kama hataki aache.

"Mia tatu kwa robota, bosi?"

"Mia tatu kwa robota."

Kijana akainama, akabeba mawili kwa mpigo. Akaenda na kurudi mara nne, wenzake bado wanatafuta pa kushika. Gaudens kichwani alikuwa amehesabu malipo ya safari nne. Akalipa marobota manane. Tangu siku ile alijua kwamba mtu huyu mkikubaliana neno, analishika neno lenyewe. Ubaya ni kwamba marehemu alidhani watu wote wako hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Maguu, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Kolumbani Kinunda na Mama Eufrasia Ndunguru, wakulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, mwaka 1988 hadi 1994. Alipofika darasa la sita alikuwa amempita urefu mwalimu wa hesabu, na mwenyewe alipenda kusema ndiyo maana mwalimu yule alikuwa hamchapi, anamwandikia barua. Sekondari haikuwezekana. Mwaka 1998 akaja Dar es Salaam, akapanga chumba Magomeni, akawa mchukuzi Kariakoo.

Tarehe 17 Julai 2004 alifunga ndoa na Benedikta, mdogo wake Gaudens. Siku ya kupanga mahari Gaudens alikaza kamba. Marehemu akamtazama, akauliza kwa heshima zote, "Shemeji, na hapa tunapatana kwa robota?" Wazee wakacheka mpaka kikao kikavunjika, na bei ikashuka. Walijaliwa watoto wawili, Otmari mwaka 2006 na Leokadia mwaka 2010.

Ngumi alianza mwaka 2001. Mabondia wa uzito wa juu nchini ni wa kutafuta kwa tochi, hivyo simu yake haikupumzika. Alipigiwa Jumatano, akapanda ulingoni Jumamosi, na katikati ya siku hizo aliendelea kubeba marobota, kwa sababu aliyempigia hakumpa muda wa mazoezi. Hakuitwa ashinde. Aliitwa ili kijana wa watu apate wa kumshinda. Alipigana Tanga, Mwanza, Nairobi na Lusaka, mapambano hamsini na nane: alishinda kumi na tano, sare nne, akapoteza thelathini na tisa. Familia haifichi hesabu hiyo. Lakini katika hayo thelathini na tisa, ni mara mbili tu alihesabiwa mpaka kumi. Mengine yote kengele ya mwisho ilimkuta amesimama. Magazeti yakamwita kibonde. Kibonde gani huyo, aliyewatia doa mabondia watano ambao hawakuwa wamepigwa hata siku moja?

Mmoja wa hao watano ni Allan. Jumamosi tarehe 22 Oktoba 2011, katika ukumbi mmoja hapa Magomeni, Allan alipanda akiwa na mapambano kumi na moja na ushindi kumi na moja. Promota wake, Goodluck Mbwilo, alikuwa ameshamtafutia safari ya nje, na mkanda wa ubingwa alikuwa ameshauchongesha: ALLAN, na tarehe ya siku hiyo. Raundi ya saba, ngumi ya kushoto ya mbavu ilimpigisha Allan magoti, na refa akamaliza kumi. Mtangazaji alipoletewa mkanda ilibidi alifunike jina kwa kidole gumba. Marehemu alivaa mkanda ule kwa muda wa picha mbili, kisha Goodluck akaja kuufungua.

"Kaka, tukakubadilishie jina. Wiki moja tu."

Marehemu akampa. Neno ni neno.

Wiki hiyo ilikwenda miaka kumi na tatu. Kila akiuliza, jibu lilikuwa fundi hajamaliza. Mwaka 2018 alimkuta Goodluck Kariakoo katikati ya watu, akamwambia, "Fundi gani huyu? Jina langu lina herufi saba, anachonga moja kwa mwaka? Basi mwaka huu kafika mwisho. Nipe mkanda wangu." Watu walicheka, na Goodluck alicheka kuliko wote. Nyumbani hapakuwa na kicheko. Gazeti moja lilikuwa limeandika kwamba lile pambano lilikuwa la kirafiki, halihesabiki, na Leokadia alikuwa akirudi shuleni analia, ameambiwa baba yake kibonde. Marehemu alimwambia Benedikta hataki sifa. Anataka watoto waone kitu kimoja tu alichokishinda, kina jina lake.

Mwaka 2021 alianza kuumwa kichwa. Mikono ikatetemeka, na kufikia 2023 alikuwa anasahau njia ya sokoni, yeye aliyeijua kwa kisigino. Madaktari walisema kichwa kimepigwa sana. Wale waliokuwa wanampigia Jumatano, simu zao hazikupatikana hata Jumapili. Alifariki Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Jana Ijumaa Goodluck alifika msibani na bango lenye picha yake mwenyewe, na mkanda ameufunga kwenye gazeti. Alitaka uwekwe juu ya jeneza, apewe kipaza sauti, na jina lake lichapwe kwenye programu. Gaudens akafungua gazeti. ALLAN, vilevile.

"Kaka, huu ni msiba, tusifanye biashara," Goodluck alisema.

"Biashara umekuja nayo wewe, na bango. Niachie mkanda moja kwa moja. Jina lako litachapwa, na litasomwa."

"Na kusema kidogo?"

"Kuchapwa na kusomwa. Kusema, hapana."

Wakapeana mikono. Gaudens akaupeleka mkanda Kariakoo kwa Abdulmalik, fundi wa mihuri. Fundi alikwangua jina, akachonga herufi saba, akafuta vumbi kwa shati lake. Dakika arobaini.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane Benedikta, watoto Otmari na Leokadia, na ndugu wanne. Allan naye yupo hapa, ni miongoni mwa waliobeba jeneza. Jana alimwambia Leokadia, "Mwanangu, baba yako alinipiga kihalali. Mpaka leo nikikohoa namkumbuka."

Na kwa kuwa mapatano ni mapatano, jina linasomwa: Goodluck Mbwilo ndiye aliyekaa na mkanda wa Vitalis Kinunda tangu tarehe 22 Oktoba 2011 hadi tarehe 14 Februari 2025, kwa kazi ya dakika arobaini. Amepata alichopatana. Mkanda hauzikwi, unakwenda nyumbani na Leokadia. Aliyeushinda ndiye pekee ambaye hakuwahi kusoma jina lake juu yake.

Vitalis, kengele imelia na umesimama. Mungu akupe mapumziko ya amani.